Moyo ukishindwa, haujasimama

Mgonjwa akiambiwa ana tatizo la moyo kushindwa, nyumbani watu huanza kunong'ona kana kwamba msiba umeshaingia. Moyo wake bado unapiga. Ila hausukumi damu inavyotakiwa, na maji yanajaa mapafuni, tumboni na miguuni. Kwetu chanzo kikubwa ni presha iliyoachwa miaka bila matibabu.

"Miguu kuvimba? Huyo kakanyaga kitu." Na kikohozi cha usiku wanakiita pumu. Bonyeza muundi kwa kidole gumba. Kishimo kikibaki, na mwenyewe halali bila mito mitatu, mpelekeni zahanati: apimwe presha, asikilizwe mapafu, apewe rufaa ya kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Kishimo peke yake hakitoshi, maana figo na ini navyo huvimbisha.

Dhana inayowarudisha wengi wodini ni hii: "Miguu imenywea, nimepona." Furosemaidi, dawa ya kukojoa, hutoa maji tu, wengi huacha na zile nyingine wakidhani zote ni za uvimbe. Kumbe enalapril, kavedilol na spironolakton ndizo zinazoukinga moyo wenyewe uliodhoofika. Utafiti wa 1999 ulionyesha spironolakton ilipunguza vifo kwa asilimia 30 kwa wagonjwa waliokuwa na hali mbaya. Dawa hizi tatu huanza kwa dozi ndogo, zikapandishwa taratibu, huku figo na potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu, vikipimwa. Kituo cha afya chenye maabara kinaiweza kazi hiyo. Mgonjwa naye apande mizani kila asubuhi, akishakojoa na kabla ya chai. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3, arudi kliniki bila kusubiri tarehe yake.

"Chumvi mbichi ndiyo mbaya, ya kupikwa haina neno." Hii hata wasomi wanaisema! Sodiamu iliyomo kwenye chumvi haiungui jikoni. Ipunguzwe kwenye sufuria, na ng'onda waachwe.

Mgongo ukiuma, muuzaji wa duka la dawa asitoe diklofenaki wala ibuprofeni: hushikilia maji mwilini na kuumiza figo. Aambiwe mapema kwamba mgonjwa ana tatizo la moyo; parasetamoli ni salama zaidi.

Na kulala kutwa? Hiyo ni kwa aliyezidiwa. Akitulia, atembee kila siku, kwa mwendo ambao bado anaweza kupiga soga.