Hospisi nzuri haipimwi kwa waliopona

Kuna sentensi nimeichoka: "Pale msimpeleke, wote waliopelekwa pale wamekufa." Inasemwa misibani, inasemwa kwenye magrupu ya familia, juzi kati nimeikuta tena kwenye daladala, mama mmoja anamshauri mwenzie kwa nia njema kabisa na mwenzie anaitikia eeh kweli, bora tutafute kwingine. Jamani. Hospisi inampokea mtu ambaye madaktari wameshasema ugonjwa wake hauponi, sasa ukiihukumu kwa idadi ya waliokufa ni sawa na kumlaumu mkunga kwamba kila nyumba anayoitwa anaacha kichanga kinalia.

Maana yenyewe ni fupi tu. Hospisi ni huduma ya mgonjwa anayeelekea mwisho wa maisha yake: kumpunguzia maumivu na adha zingine za ugonjwa, kumsikiliza, na kuishika mkono familia inayomuuguza mpaka siku yenyewe na hata baada ya mazishi. Ubora wa hospisi basi ni hivyo vitu vinafanyika vizuri kiasi gani. Tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mtu mwenye ugonjwa mzito hata kama bado anatibiwa, ni pana zaidi, inaweza kuanza siku ile ile mtu anapopewa majibu ya kansa ikaenda sambamba na mionzi na dripu, ila huku kwetu hospisi nyingi zinafanya yote mawili kwahiyo kwa hilo sitagombana na mtu.

Ninachogombana nacho ni hiki cha jengo. Mtu anaenda kuangalia hospisi ya kumpeleka baba yake, anarudi anasema ile haifai, haina hata vitanda, ni ofisi tu na bustani. Jina lenyewe limechangia kutupoteza, manake limetoka kwenye Kilatini, ukoo mmoja na hospitali na hoteli, mambo ya mgeni na mwenyeji, na zamani hizo zilikuwa nyumba za watawa za kupokea mahujaji na wasafiri waliochoka, kwahiyo mtu akisikia hospisi kichwani anaona mahali, anaona mashuka. Na kweli ile St Christopher's aliyoifungua Cicely Saunders London mwaka 1967, ambayo hospisi za kisasa karibu zote zimejifunza kwake, ina wodi. Lakini Saunders hakumbukwi kwa wodi. Alianza kama nesi, akafanya kazi ya ustawi wa jamii hospitalini, akarudi darasani akawa daktari, na alichokisimamia ni kwamba mofini, ile dawa kali ya maumivu, itolewe kwa saa zilizopangwa, kabla maumivu hayajarudi, sio mgonjwa asubiri mpaka apige kelele ndo nesi aanze kutafuta funguo ya kabati. Alafu akasema maumivu ya mtu anayekufa sio ya mfupa tu, kuna ya moyo, kuna ya kuwaza ada za watoto, kuna ya imani, na yanauma yote kwa mkupuo, ukitibu moja ukaacha mengine hujatibu.

Hiyo ndo hospisi. Ilipofika huku jengo likabaki nyuma zaidi. Nairobi Hospice ilianza 1990, ipo ndani ya eneo la hospitali ya Kenyatta, watu wanakuja mchana wanaonwa wanarudi kwao, na manesi wanawafuata majumbani. Kampala daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 na tangu mwanzo kazi ilikuwa ni kumfuata mgonjwa alipo. Hata Marekani, ambako Medicare, bima ya serikali hasa ya wazee, ilipitishiwa sheria ya kulipia hospisi 1982, sehemu kubwa ya huduma inafanyika nyumbani kwa mgonjwa, muulize ndugu yako yeyote aliyeko huko anafanya kazi za kulea wagonjwa, ndo wao wanaokesha kwenye kochi pembeni ya kitanda cha mzee wa watu. Sasa wewe unahesabu vitanda vya nini? Kitanda kipo kwenu. Hesabu magari. Uliza hilo gari linafika Mbagala au linaishia Posta, uliza linatoka siku ngapi kwa wiki, na mvua zikinyesha njia ikawa haipitiki wanafanyaje.

Alafu mofini. Hapa nitakaa kidogo, manake hospisi isiyokuwa na mofini ya kunywa ya uhakika ni watu wema wanaokuja kukupa pole. Mofini ya kunywa sio kitu cha ajabu wala cha gharama, ni unga unachanganywa na maji na kihifadhi, Uganda wanaitia na rangi ili nguvu tofauti zisichanganywe, ile ya kijani ndo nyepesi, na serikali yao inaitoa bure kwa mwenye uhitaji. Na mwaka 2004 wakafanya jambo kubwa kuliko rangi, wakabadilisha taratibu ili nesi na ofisa tabibu waliosomea tiba shufaa waruhusiwe kuiandika, kwasababu ukisema mpaka daktari, huko vijijini daktari yuko wapi? Kwahiyo ukienda kuulizia hospisi usiulize tu "mofini mnayo", watakujibu ndio. Uliza nani anaandika, chupa moja inakaa siku ngapi, na swali lenyewe hasa: Ijumaa jioni chupa ikiisha nampigia nani? Huyo mtu akianza kuangalia juu, umeshapata jibu lako.

Mofini hii hunywewa kila baada ya masaa 4. Nesi mzuri wa hospisi hakuachii chupa akaondoka, anamkalisha yule atakayetoa dawa, mara nyingi ni binti au mkamwana, anamvutia dozi kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, anamwonyesha mstari, anamwambia sasa vuta wewe nione, alafu anamwambia dozi ya kulala ni mara mbili ya kawaida ili nyote mpate usingizi asiamshwe saa nane usiku. Na lazima, narudia lazima, anauliza habari za choo. Mofini inafunga choo. Kama hospisi imekupa mofini haikukupa kitu cha kulainisha choo basi kazi imefanyika nusu, na mgonjwa atakaa siku kadhaa tumbo limejaa, watu watasema kansa imepanda, kumbe ni choo. Kuna manesi wakikosa vidonge wanafundisha familia kusaga mbegu za papai zilizokaushwa, na inasaidia. Mimi hospisi inayoongea mambo ya choo bila haya naiamini kuliko yenye mapokezi ya marumaru.

Harufu nayo ni hivyo hivyo. Kidonda cha kansa ya titi kinaweza kunuka mpaka wajukuu wanaacha kuingia chumbani, na mgonjwa anajua wameacha kwa nini. Timu inayojua kazi inasaga vidonge vya metronidazo, dawa ya kuua bakteria, inavinyunyizia kwenye kidonda, siku chache harufu inapungua, watoto wanarudi kukaa kitandani kwa bibi. Dawa ya bei ya chini kabisa. Hicho kitu hakipo kwenye brosha yoyote.

Sasa kuna mkanganyiko mwingine unaoniudhi karibu sawa na ule wa vifo, wa kutulia na kulala. Utasikia familia inasifia, "wale ni wazuri sana, tangu wamekuja mzee kalala tu hana shida." Na familia nyingine inalaani, "wamempa dawa yao kalala siku mbili, wanataka kumuua." Wote wawili wanapima kwa usingizi. Mtu akianza mofini siku mbili tatu za mwanzo anaweza kusinzia sana, sehemu yake ni dawa mpya na sehemu nyingine ni mtu ambaye hajalala wiki nzima kwa maumivu sasa amepata nafasi. Baada ya hapo anatakiwa aamke, aongee, aulize nani kamwagilia bustani, agombane na mtu. Akiendelea kulala tu kutwa nzima na siku zake za mwisho bado hazijafika, dozi inabidi iangaliwe, yawezekana imezidi au figo zimechoka, na hospisi nzuri itakuja kuangalia bila kungoja uwapigie mara sita. Kwahiyo sio aliyelala ndo katulizwa. Katulizwa yule ambaye anaweza kugeuzwa ubavu bila kukunja uso, na akitaka kuongea anaongea. Siku zile za mwisho kabisa kulala ni kwa mwili wenyewe, hilo ni jambo lingine, na hapo tena hospisi nzuri inakuwa imeshakwambia mapema kwamba itakuwa hivi, kupumua kutabadilika hivi, miguu itapoa, ili usikurupuke na bajaji usiku wa manane kumkimbiza mtu hospitali akafie kwenye korido.

Kuna watu wanasema haya mambo hayapimiki, ni huruma tu. Yanapimika. Chama cha tiba shufaa cha Afrika, APCA, chenye makao Kampala, kina dodoso lao la maswali 10 tu, 7 ya mgonjwa na 3 ya anayemuuguza, yanauliza habari za siku 3 zilizopita. Mtu asiyetaka mambo ya namba anaonyesha kwa mkono, ngumi ni sifuri, kiganja wazi vidole vyote ni tano. Maumivu yakoje, umekuwa na wasiwasi, umeweza kumwambia mtu unavyojisikia, una amani. Na kwa muuguzaji wa nyumbani: umeelezwa vya kutosha, unajiamini kumhudumia? Kuna maswali ambayo sifuri ndo nzuri na mengine tano ndo nzuri kwahiyo usijumlishe tu kama matokeo ya mtihani. Sio lazima ulikariri. Wewe waulize tu, mna namna gani ya kujua mgonjwa wenu anaendeleaje? Wakikuonyesha faili ambalo ziara ya kwanza maumivu yalikuwa tano na ziara ya pili yakawa mbili, na katikati pameandikwa walibadilisha nini, hao wanafanya kazi. Faili lenye "mgonjwa anaendelea vizuri" ukurasa baada ya ukurasa, mmh.

Wamarekani wao wana nyota. Hospisi zao zinawekwa mtandaoni na serikali, na nyota zinatokana na fomu inayotumwa kwa familia baada ya mgonjwa kufariki, kuulizwa usiku mlipata msaada, mlisikilizwa, mlifundishwa. Tuseme ukweli, yule aliyehudumiwa hajazi fomu, anayejaza ni mjane, na mjane aliyechoka anaweza kutoa alama za juu kwa sababu nesi alikuwa mpole. Ila kuna kipimo chao kimoja napenda kuwatajia watu wa ile sentensi ya kwanza: wanaangalia pia wagonjwa wangapi wanatolewa hospisi wakiwa hai. Na wakizidi sana, sio sifa! Wengine ni kweli wamepata nafuu, au wameamua kurudi kwenye matibabu, hiyo ipo na ni haki yao. Lakini kule hospisi inalipwa kwa siku, na daktari anatakiwa athibitishe kwamba mgonjwa ana miezi 6 au pungufu ugonjwa ukiachwa uende mkondo wake, kwahiyo idadi ikiwa kubwa kupita kiasi wakaguzi wanajiuliza, je walisajili watu wasiostahili ili wapate hela, au wanawatupa wagonjwa pale gharama inapopanda? Yaani hospisi ambayo "watu wanatoka wazima" inaweza ikawa ndo ya kuogopa.

Mambo ya dini nitayapitia haraka. Timu nzuri inauliza mnamtaka nani, sheikh, padri, mchungaji, au hamumtaki mtu. Ikija na wa kwake imeshamkaribisha na kitabu ameshafungua kabla hamjaulizwa, hapo mna haki ya kukataa kwa heshima na dawa iendelee kuja kama kawaida. Kama dawa inategemea maombi, ondokeni.

Na baada ya msiba wanarudi? Hata simu moja, hata nesi kupita kusaini kitabu cha rambirambi na kuchukua mofini iliyobaki ili isikae ndani na watoto. Wengi tunasahau kuuliza hili kwasababu tunaona kazi imeisha.

Kwahiyo ndugu zangu, sikatai kwamba kuna hospisi mbovu, zipo. Waliomaliza wiki nzima ndo wakaja ziara ya kwanza, ni wabovu. Wasiopokea simu wikiendi, waliomwacha mtu na kidonda kinanuka, waliokwambia "ongeza Panadol" mtu analia, hao wasemeni, na wasemeni kwa tarehe na saa kwa msimamizi wao, hayo yanarekebishika. Ila hili la kwamba alifariki akiwa mikononi mwao, hili tusiliweke kwenye orodha.