Injini Iliyotumika: Dhana Potofu na Ukweli Unaoonekana Ikifunguliwa

Dhana: Maandishi kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) yanatosha kuitambua injini.
Kava hufungwa kwa bolti chache tu na huhamishwa kirahisi kutoka injini moja hadi nyingine. Amini namba iliyogongwa kwenye bloku (mwili mkuu wa injini), ambayo mara nyingi huwa karibu na mahali giaboksi inapoungana nayo. Sugua grisi kwanza, ndipo uisome. Namba iliyopigwa msasa ni sababu tosha ya kuachana na injini hiyo. Na hata namba halali haisemi kama silinda zilishachongwa: pistoni yenye alama ya 0.50 au 1.00 (milimita za kipenyo kilichoongezwa) kichwani ndiyo inayosema.

Dhana: Kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) ikiwa nzuri, injini ni nzima.
Kipimo hicho kinahusu ringi za pistoni, valvu na gasketi ya silinda hedi (sehemu inayofunika silinda kwa juu). Kuhusu beringi za krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) hakisemi kitu. Tena oili kidogo ikimiminwa kwenye silinda hupandisha kipimo, na muuzaji mjanja analijua hilo. Kata filta ya oili, ukunjue karatasi yake na upitishe sumaku. Vinavyonata ni chuma. Chembe zenye rangi ya shaba zisizonata kwa kawaida hutoka kwenye beringi. Ukiziona, fungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) kabla ya kugusa hedi.

Beringi ya aina hiyo ina tabaka laini juu, shaba katikati na chuma mgongoni. Shaba ikijitokeza, tabaka la juu limekwisha. Pitisha ukucha kwenye shingo ya krankishafti (sehemu inayozunguka ndani ya beringi): ukikwama kwenye mchirizi, shingo inahitaji kusagwa na kuwekewa beringi za andasaizi (zinazofaa shingo iliyopungua kwa kusagwa).

Dhana: Vifuniko vya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krankishafti) vinafanana, kwa hiyo vinaweza kubadilishana.
Hili ndilo linaloua injini nzuri. Kila kifuniko hukamilishwa kikiwa kimefungwa kwenye konrodi yake, na tundu huwa duara kamili kwa jozi hiyo peke yake. Ukikigeuza au kukihamisha, beringi hubana upande mmoja, oili hukosa nafasi na beringi huungua. Weka alama ya namba na upande kabla ya kulegeza nati ya kwanza. Vifuniko vya beringi kuu (zinazoshika krankishafti kwenye bloku) vifanyie hivyo hivyo.

Dhana: Silinda inayong'aa kama kioo haijachakaa.
Silinda nzima bado ina mistari myembamba inayokatana, ambayo hushikilia oili. Ng'aro ni dalili kwamba mistari imefutika. Pima kwa boa geji (kifaa cha kupimia kipenyo cha silinda) juu, katikati na chini, kila mahali mara mbili: sambamba na krankishafti, kisha kwa kuikata. Uchakavu mkubwa hukaa juu, pale ringi ya kwanza inapogeuzia.

Dhana: Bolti za hedi zinafunguliwa vyovyote.
Subiri injini ipoe kabisa. Anza bolti za pembeni ukielekea katikati, kidogo kidogo kwa zamu, la sivyo hedi ya aluminiamu inaweza kupinda. Kisha laza rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wake unaokaa kwenye bloku: fila (bamba jembamba la kupimia nafasi) ya 0.05 mm ikipenya, linganisha na kiwango cha kitabu cha injini hiyo kabla ya kuipeleka kusawazishwa.