Je, wajua kwa nini HPV humwachia mmoja na kumng'ang'ania mwingine?

Asubuhi moja sokoni Mtwara mjini nilikaa kwenye benchi la mama muuza togwa. Pembeni yangu alikuwepo dada mmoja aliyetoka kupimwa mlango wa kizazi. Nesi alikuwa amewaambia kwamba karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana hupata virusi vya HPV wakati fulani wa maisha yake, na kwamba ndivyo vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi.

"Sasa mama," akamwuliza muuzaji, "kama tunavipata wote, mbona saratani hatuugui wote?"

"Mwanangu, hayo kawaulize wenyewe hukohuko," mama akajibu, huku akifunua ndoo.

Jibu, kwa sehemu, lilikuwa ndani ya ile ndoo. Lakini tuanze na virusi vyenyewe.

HPV ni ukoo wa virusi wenye aina zaidi ya 200. Nyingi hazina neno. Baadhi huleta masundosundo, na aina kama 14 zinaweza kuzaa saratani. Mbili kati ya hizo, namba 16 na 18, ndizo zinazobeba takriban asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi duniani. Hata hivyo, kati ya watu 10 walioambukizwa, karibu 9 virusi huwatoka ndani ya miaka miwili hivi, bila dawa, na wengi wao hawajui kama viliwahi kuingia.

Ajabu ni kwamba mwili unafanikiwa kuviondoa, maana kirusi hiki ni mjanja kweli. Ngozi laini ya mlango wa kizazi imepangwa tabaka juu ya tabaka. HPV hupenya kwenye michubuko midogo isiyoonekana kwa macho hadi tabaka la chini kabisa, kisha hutulia. Hakiui seli, hakiingii kwenye damu, hakileti homa. Seli inapokua na kusogea juu, kirusi hupanda nayo, na huzaana kwa wingi kwenye seli ambazo zilikuwa zinakaribia kubanduka zenyewe. Kinga ya mwili hushtuliwa na vurugu: seli zilizopasuka, uvimbe, joto. Hapa hakuna. Ni sawa na mwizi wa korosho mwenye funguo za ghala. Mlinzi ataamshwa na nini? Juu ya hayo, kirusi hupunguza zile alama ambazo seli iliyovamiwa huzitoa nje kuomba msaada.

Ndiyo maana kingamwili, yaani protini za mwili zinazokinasa kirusi, huwa chache baada ya maambukizi ya kawaida. Kazi kubwa hufanywa na askari wengine, seli T, ambazo huzisaka seli zilizovamiwa na kuziua moja moja. Huchukua miezi. Askari hao wakipungua, kirusi hupata nafasi ya kukaa muda mrefu, na kukaa huko ndiko kubaya, kwa sababu protini zake mbili hulegeza breki zinazoizuia seli isigawanyike ovyo. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya saratani hii takriban mara 6 ya asiye na VVU. Sigara nayo huchelewesha virusi kutoka. Kwa mwenye kinga nzuri, safari ya kutoka maambukizi hadi saratani huchukua miaka 15 hadi 20. Kinga ikiwa dhaifu inaweza kuwa 5 hadi 10.

Sasa turudi kwenye ndoo. Togwa jana ilikuwa uji mtamu wa mtama. Usiku kucha bakteria wamekula sukari yake na kuacha asidi, ndiyo maana leo imechacha badala ya kuoza. Ndugu wa bakteria hao, ukoo wa laktobasili, wanaishi ukeni. Homoni ya kike huzifanya seli za uke zihifadhi wanga, wanga huo huvunjwa kuwa sukari, laktobasili wanaila na kutoa asidi. Uke wenye laktobasili wengi ni mchachu, na vijidudu vingi vya magonjwa hukosa raha humo.

HPV yenyewe haiuawi na uchachu huo, tusidanganyane. Faida yake si ya moja kwa moja. Ute wa mlango wa kizazi unakuwa mzito wenye kunasa, na ngozi inakaa imeshikamana. Laktobasili wakipungua, bakteria wengine kama gadinerela hujaa, uke huanza kutoa majimaji yenye shombo, na vimeng'enya vyao huutafuna ule ute. Uvimbe wa chinichini unaofuata huichosha ngozi bila kumsaka kirusi. Tafiti za nchi nyingi zimeona jambo moja: wanawake wenye laktobasili wachache, hasa wa aina ya krispatusi, hukutwa na HPV mara nyingi zaidi, nayo hukawia kuwatoka. Je, bakteria ndio waliomkaribisha kirusi, au kirusi ndicho kilichowavuruga? Wataalamu wanaona huenda ni yote mawili. Tena wanawake wengi Afrika wana laktobasili wachache na hawaumwi chochote, kwa hiyo asije mtu akakutisha kwa hilo peke yake.

Kinachojulikana kuwavuruga bakteria hao ni kuosha ndani. Sina ugomvi na makungwi, unyago una mafunzo mengi ya maana, lakini ndimu, shabu na maji ya sabuni ndani ya uke ni kuwafukuza walinzi. Nje osha kwa maji. Ndani kunajisafisha kwenyewe. Na usifikirie kupeleka togwa huko! Togwa ni ya kunywa.

Chanjo ya HPV nayo inafanya kazi kwa sababu inamnyima mwizi ujanja wake. Haina kirusi, ina ganda lake tupu tu, nalo linachomwa kwenye msuli wa mkono, mahali ambapo walinzi hupita kila saa. Wanashtuka, wanatengeneza kingamwili nyingi kuliko zile za maambukizi yenyewe, na hizo huvuja hadi mlango wa kizazi na kumdaka kirusi kabla hajapenya. Akishaingia, chanjo haimtoi, ndiyo maana hupewa wasichana mapema. Tanzania iliianzisha nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja, ikawapa wa miaka 9 hadi 14.

Aliyepitwa na umri huo bado ana kipimo. Yule dada alitusimulia chake, na bado kilikuwa kinamchekesha. Nesi alichovya pamba kwenye siki iliyozimuliwa, akapaka mlango wa kizazi, akasubiri kama dakika moja. Seli zilizoanza kuharibika hugeuka nyeupe, na mara nyingi zinaweza kutibiwa kwa baridi kali au joto siku hiyohiyo.

"Nikamwuliza, siki hiihii ya kachumbari?"

"Akasemaje?" mama akauliza.

"Akasema hiihii, ila leo haina vitunguu."