Chakula asilia ni kipi hasa? Tukiangalia kutoka huku kusini

Siku hizi ukiingia kwenye grupu lolote la WhatsApp la huku Mtwara, hata yale ya familia na ya vikoba, hukosi mtu anayeuza kitu "asilia", mara unga wa lishe asilia, mara mafuta asilia, mara dawa ya tumbo asilia kabisa haina kemikali, na watu wananunua kwa sababu hilo neno lenyewe linatuliza moyo. Mimi jambo la kula vya asili na kujitengenezea vya nyumbani nalipenda sana, ndo maana nataka tuelewane maana yake, kwa sababu wengi tunashika nusu ya maana na nusu ya pili tunaiacha, na hiyo nusu ya pili huku kwetu imeshalemaza watoto.

Kwa maneno mepesi, chakula asilia ni chakula ambacho hakijapokonywa vitu vizuri vilivyokuwamo tangu shambani, na kimeandaliwa na mtu anayejua nini kitolewe kabla hakijaliwa. Hapo kuna kubakiza na kuna kutoa. Matangazo yote yanasema habari ya kubakiza tu.

Tuanze na hiyo ya kubakiza maana ni rahisi. Chukua punje ya mahindi, ina ganda la nje, ina kiini pale chini kwenye ncha, halafu sehemu kubwa iliyobaki ni wanga. Ukipeleka kwenye mashine ya kukoboa, ganda na kiini vinatoka vinakuwa pumba, na humo ndimo zilimokuwa nyuzinyuzi, mafuta, vitamini B nyingi, madini ya chuma na zinki, unarudi nyumbani na sembe nyeupe inayopendeza machoni lakini karibu yote ni wanga mtupu. Dona inasagwa na kila kitu chake. Ndo hivyohivyo kwa mtama, kwa uwele, kwa mchele. Mbaazi, kunde, choroko na njugu mawe hazina shida hiyo, zinafika jikoni nzima kama zilivyovunwa, na kwa kweli kwa upande huo Mtwara na Lindi tumebarikiwa. Mtakumbuka 2017 India ilipoweka kikomo cha kuagiza mbaazi bei ikaporomoka, magunia yamejaa nyumbani hayana mnunuzi, mimi naona mbaazi hatupaswi kuzihesabu kama zao la kuuza nje tu wakati mtoto ndani anahitaji protini.

Kuna profesa wa Brazil anaitwa Carlos Monteiro, yuko Chuo Kikuu cha São Paulo, yeye na wenzake tangu 2009 wamekuwa wakipanga vyakula kwa kuangalia kiwanda kimevifanyia nini. Wana makundi manne: vile ambavyo havijasindikwa au vimeguswa kidogo tu, viungo vya kupikia kama mafuta, chumvi na sukari, vilivyosindikwa kawaida, na mwisho vile vilivyosindikwa kupita kiasi, soda, biskuti, soseji, tambi za pakiti zenye kiungo chake ndani. Ni mpango mzuri na unasaidia. Ila ukiuchukua peke yake unaweza ukafikiri kadiri chakula kinavyoguswa kidogo ndivyo kinavyokuwa salama, na hapo ndo nataka tuzungumze kuhusu muhogo.

Muhogo mchungu ni wa asili kuliko chochote utakachopewa kwenye pakiti. Unalimwa bila mbolea, wadudu hawausumbui sana, nguruwe pori hawaupendi, na watu wanaupanda kwa sababu hizohizo. Lakini ndani yake kuna kitu kinaitwa linamarini, na ukikata au ukitwanga muhogo ile linamarini inakutana na kimeng'enya kilichokuwa kimejitenga kwenye chembe zake, vikikutana inazaliwa sianidi, ambayo ni sumu kali. Habari njema ni kwamba hiyo sianidi inageuka mvuke kwenye nyuzi 26 tu za joto, na jua la Mtwara mchana linapita hapo bila shida, kwa hiyo ukiupa muhogo nafasi na muda, sumu inajiondokea yenyewe hewani. Bibi zetu waliokuwa wanaloweka, wanavundika mpaka unalainika, wanaanika siku kadhaa, wanatwanga, hawakuwa na habari za linamarini, lakini kila hatua pale ilikuwa na kazi yake.

Tatizo linakuja hatua zikifupishwa. Mwaka 1988 wilaya ya Masasi ilikuwa na ukame, chakula hakuna, na kumbuka muhogo ukikosa mvua sumu inazidi kuongezeka, basi watu kwa njaa wakawa wanatwanga muhogo mchungu na kuuanika haraka haraka bila kuuacha muda wa kutosha, unga ule wakiuita chinyanya, na watu wakapata sumu. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa huuhuu wa Mtwara ukapata konzo, ule ugonjwa wa miguu kukakamaa ghafla, mtoto jana anakimbia leo anatembelea vidole na magoti yanagongana, na haurudi nyuma, ukishampata ndo amebaki hivyo. Unawapata zaidi watoto na kina mama walio kwenye umri wa kuzaa, kwenye kaya ambazo kwa wiki nyingi zinakula muhogo mchungu ambao haujaandaliwa vizuri na kitoweo chenye protini hakipo. Hapo kwenye kitoweo pana jambo kubwa. Mwili una uwezo wa kuivunja sianidi kidogo kidogo na kuitoa kwenye mkojo, lakini kwa kazi hiyo unahitaji salfa inayotoka kwenye protini, yaani samaki, dagaa, mayai, mbaazi, kunde. Kwa hiyo ugali wa muhogo na samaki, au na mchuzi wa kunde, haukuwa tu mambo ya ladha, kile kitoweo pembeni ya sahani kilikuwa kinamlinda mlaji.

Ukienda sokoni kununua makopa, yaani vipande vya muhogo mkavu, usiangalie weupe wa nje tu. Chukua kipande ukivunje mbele ya muuzaji, hakuna atakayekukatalia, likopa lililokauka vizuri linavunjika kwa mlio na ndani ni jeupe, lile linalopinda kidogo kabla ya kukatika bado lina maji, na likiwa na weusi au ukijani ndani hiyo ni kuvu, liache. Muulize pia ni muhogo gani na aliuloweka au alimenya akaanika tu, maana kumenya na kuanika peke yake kwa muhogo mchungu hakutoshi.

Na kama unga umeshausaga na una wasiwasi nao, kuna njia ambayo Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia aliieneza, ikafundishwa mpaka vijiji vya huku kusini, haina gharama yoyote. Weka unga kwenye beseni, usawazishe, weka alama ndani ya beseni pale unga ulipofikia. Anza kutia maji huku unachanganya, utaona unga unashuka, endelea mpaka urudi kwenye ile alama. Sasa umwage kwenye mkeka safi uutandaze mwembamba, usizidi sentimita moja, uache juani masaa mawili au kivulini masaa matano, halafu songa ugali wako siku hiyohiyo. Ladha yake ni nzuri tu, uchungu unapungua kabisa.

Kisamvu nacho kina sheria moja ambayo vijana wanaojifunza kupika kwenye klipu za simu wanaigeuza: twanga kwanza, chemsha baadaye. Kile kimeng'enya kinachoivunja linamarini ili sumu iruke hewani kinakufa kwa moto, kwa hiyo ukichemsha majani mazima ndo uje kutwanga, linamarini inabaki mlemle ndani. Twanga mbichi kwenye kinu mpaka yalainike kabisa, kisha chemsha bila kufunika kwa muda mrefu, tui la nazi litie mwishoni.

Nikishasema hayo turudi kwenye dona kidogo maana nayo ina upande wake wa pili. Kiini kina mafuta, kwa hiyo unga wa dona unaharibika harufu mapema, saga wa wiki mbili tatu usisage debe zima. Na kama mahindi hayakukauka vizuri yakaota ukungu, sumukuvu inakaa zaidi kwenye ganda na kiini, sehemu hizohizo tunazotaka kuzibakiza, maana yake dona ya mahindi mabovu ni mbaya kuliko sembe ya mahindi hayohayo. 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara. Karanga pia ziangalieni, usitupie kwenye sufuria zile zilizosinyaa na zenye rangi ya ajabu.

Korosho zetu hivyohivyo, ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi, waulizeni wabanguaji mikono yao inakuwaje, na hata zile za pakiti zilizoandikwa mbichi kwa kawaida zimeshapitishwa kwenye mvuke wa moto kabla ya kubanguliwa. Bibo lenyewe ni tunda zuri sana, vitamini C yake inazidi ya chungwa mara kadhaa, na kila msimu tunaliacha linaozea chini ya mikorosho, inaniuma kweli. Okota lililoanguka leo, lioshe kwa maji mengi kwa sababu mikorosho inapulizwa salfa na viuatilifu vingine, kamua juisi unywe siku hiyohiyo.

Togwa ni mfano mwingine wa chakula ambacho kimeguswa sana na ndo kikawa bora. Unatia kimea kwenye uji, uji mzito unalainika wenyewe, hivyo mtoto anameza unga mwingi zaidi kwa kikombe kilekile, halafu unachachuka na ile tindikali inawanyima nafasi vijidudu wengi wa kuharisha. Maji yawe yamechemka na chombo kisafi, basi.

Sasa dawa za mimea. Maana ni ileile, lazima ujue sehemu gani ya mmea, kiasi gani, na nani anakunywa. Majani ya mlonge ni mboga safi yenye protini na vitamini A, ila mizizi yake ina sumu na wapo wanaoichemsha wakidhani mti wote ni mmoja, na majani yenyewe yanaweza kushusha sukari kwa hiyo mwenye dozi ya kisukari asijiamulie peke yake. Mwarobaini mjamzito aache, na mafuta yake mtoto mchanga asinyweshwe hata tone. Asali, hata ya Liwale safi kabisa, mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe.

Homa ndo naomba sana. Huku kwetu malaria bado ni nyingi, na mtoto mwenye homa anapimwa kwanza, kipimo cha zahanati ni tone la damu na dakika chache. Dawa mseto anayopewa pale asili yake nayo ni mmea, Artemisia annua, mwanasayansi wa China Tu Youyou alipata Nobel 2015 kwa kuitoa dawa hiyo kwenye mmea huo, tofauti ni kwamba kwenye kidonge kiasi kinajulikana na kwenye chai ya majani hakijulikani, Shirika la Afya Duniani haliungi mkono hiyo chai kwa malaria. Waganga wa tiba asili wapo kisheria tangu sheria ya 2002 na wana baraza lao, kwa hiyo anayekuuzia dawa muulize kama yeye na dawa yake wamesajiliwa. Na ukifika zahanati mwambie nesi majani uliyokunywa, jina lake na kiasi, hata kama ni ya jana jioni.