Je, sentimita ni sahihi kuliko inchi?

Wengi huamini kwamba inchi, futi na ratili ni vipimo vya kukadiria tu, na kwamba anayetaka usahihi lazima atumie mita na kilo. Imani hiyo haikuzuka hewani: zamani futi ya nchi moja haikulingana na ya jirani. Lakini tangu 1959 inchi ni milimita 25.4 kamili, na ratili ni kilo 0.45359237. Kwa hiyo inchi ya leo imejengwa juu ya mita yenyewe. Usahihi hutegemea kifaa na mkono wa mpimaji.

Chukua futikamba yenye inchi ukingo mmoja na sentimita ukingo wa pili. Tazama inchi ya 10: mstari wake unaangukia kijistari cha nne baada ya sentimita 25. Kikienda kando, kosa ni la futikamba.

Mita inashinda kwenye hesabu, maana kugawa kwa 10 ni rahisi kuliko kukumbuka kwamba maili ina yadi 1,760. Penye kuhitaji tahadhari ya kweli ni galoni: ya Uingereza ni takriban lita 4.55, ya Marekani 3.79.