Mistari ya Yankees haikushonwa kwa ajili ya Babe Ruth

Wapenzi wa besiboli Marekani wamesimuliana kwa miaka mingi kwamba Yankees ya New York ilivaa jezi nyeupe zenye mistari myembamba ya wima ili kuficha kitambi cha nyota wao, Babe Ruth. Simulizi tamu, ila tarehe zinaikataa.

Mistari hiyo ilionekana mara ya kwanza tarehe 11 Aprili 1912, siku ya kufungua msimu, timu ikiwa bado inaitwa Highlanders na wengi. Wageni walikuwa watani wao wa jadi, Boston Red Sox, walioshinda 5-3. Ruth siku hiyo alikuwa kijana wa miaka 17 katika shule ya bweni ya Baltimore.

Jezi hizo ziliachwa, zikarudi mwaka 1915. Mwezi Mei mwaka huo Ruth alicheza dhidi ya Yankees jijini New York, akiwa mrushaji wa Boston, tena mwembamba tu, na akaupiga mpira hadi kwenye viti vya watazamaji. Yankees walimnunua miaka minne na ushei baadaye. Kitambi, kwa kweli, kilikuja kwa wakati wake.