Papa Anayetembea Mwambani Si wa Pemba, Lakini Utupa Ni Wetu

Tangu ile video ya papa mdogo anayetambaa juu ya mwamba ianze kusambaa kwenye simu, tunaulizwa kila siku kama ameshafika Pemba. Hajafika. Yule ni wa kaskazini mwa Australia na kisiwa cha New Guinea. Mkubwa kabisa hupita mita 1 kwa kidogo tu, na juu ya pezi la kifuani ana doa kubwa jeusi lenye mzingo mweupe. Usiku maji yakikupwa, viumbe waliobaki kidimbwini huvuta hewa yote iliyomo. Yeye hupunguza mapigo ya moyo na kazi za ubongo, akastahimili hata saa nzima, kisha hutambaa kwa mapezi kutafuta kidimbwi kingine.

Picha mnazotuletea nyinyi ni za watoto wa papa usingizi. Rangi yake kahawia, ana sharubu mbili mdomoni, na akikamatwa hutema maji na kukoroma. Mchana hulala mapangoni, usiku hutoka kufyonza pweza na kaa mashimoni. Akikua hufika mita 3. Huyo si jini wala si dalili ya balaa, na tunaomba maneno hayo yaishe madikoni. Hamfuati mtu, ila ukimshika mkia atakuuma na hakuachii upesi. Wachokoaji pweza, tangulizeni kijiti, si mkono.

Linalotutia uchungu ni utupa, mti wa sumu ya kuvulia samaki. Kila bamvua wapo wanaoutwanga na kuumimina vidimbwini, wakiamini unaua samaki wakubwa tu. Si kweli hata kidogo: unaua na vitoto, na matumbawe yanayowahifadhi. Papa huzaa wachache na hukua taratibu, kwa hiyo pengo lake halizibiki kwa msimu mmoja.

Sheria ya Uvuvi ya Zanzibar Namba 7 ya 2010 inakataza kuvua kwa sumu ya aina yoyote, ya mti au ya dukani. Ukiona tukio, usimnyang'anye mtu zana wala usimpige, kwani kesi huharibika hapo. Shika akilini saa, jina la mwamba na alama ya chombo. Mwarifu sheha au kamati ya wavuvi ya shehia siku ile ile, nao watamwita afisa uvuvi wa wilaya. Samaki waliokufa waachwe walipo hadi afisa afike, wasiuzwe wala wasiliwe.